Mita haijui kanzu

Ndugu zangu, kabla sijasema mengi, shikeni kamera. Mwanga uwe otomatiki. Elekezeni kwenye ile karatasi nyeupe ukutani mpaka ijae kioo chote, pigeni. Imetoka ya kijivu, siyo? Sasa pigeni buibui la dada aliyekaa mbele, kwa ruhusa yake. Nalo limepauka, kijivu vilevile.

Mita, kile kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera, haijui karatasi wala buibui. Kila inachokiona inakichukulia kuwa kijivu cha wastani, kile mafundi wanachokiita cha asilimia 18. Ukiipa cheupe inapunguza mwanga, ukiipa cheusi inaongeza. Ndiyo maana karatasi ile inataka uongeze stopu moja hadi mbili (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, au kuupunguza nusu), na buibui upunguze.

Nikon FA ya mwaka 1983 ndiyo iliyoanza kuigawa picha vipande, vitano tu, ikavilinganisha kabla ya kuamua. Za leo zina vipande vingi mno, na nyingi husikiliza zaidi pale ilipo nukta ya fokasi, yaani pale unapoiambia kamera ipaone kwa ukali. Hapo ndipo nilipoumbuka. Arusi ya jioni, bwana arusi kavaa kanzu nyeupe pe, mimi nukta nimeiacha kifuani. Darizi ya shingoni ilitoka unaihesabu uzi kwa uzi, uso, kiza. Mama yake akaitazama picha, akauliza, "Huyu nani?" Niliposogeza nukta hadi jichoni, taa zilezile, uso ukafunguka.

Upimaji wa doa, yaani mita kupima sehemu moja ndogo tu na kuacha nyingine zote, ndio unaowachanganya wengi. Doa huchukua asilimia chache tu za picha. Kwenye Nikon nyingi linafuata nukta uliyoichagua. Kwenye DSLR nyingi za Canon, zile kamera za dijitali zenye kioo ndani, limekaa katikati, halihami: umefokasi jicho pembeni, kumbe mita inapima pazia. Mwenye kamera hiyo alete uso katikati, abonyeze kitufe chenye nyota mwanga ushikwe, ndipo apange picha. Na nyuso zetu nyeusi, doa litazipausha kama lilivyopausha buibui. Mimi hupunguza thuluthi mbili ya stopu, wakati mwingine stopu nzima.

Ule upimaji wa kuegemea katikati sitauchimba. Wazee wa filamu waliupenda, hauna hila.

Haya, kanzu ipo, buibui lipo, na dirisha lile lina jua. Simameni wawiliwawili. Nukta ianze kifuani, kisha jichoni, na kitu kingine chochote msikiguse.