Y Isipoonekana Usikimbilie Kuandika Jike

Mheshimiwa mwenyekiti, maafisa wa wanyamapori, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi mliofika hapa Iringa kutoka Mbeya na Njombe, habari za asubuhi. Wanaonifahamu wanajua nitakalolisema, na wengine nawaona wameshaanza kutabasamu. Nitalisema hata hivyo: tunapotafuta jinsia ya mbwa mwitu kwa vinasaba vilivyomo kwenye kinyesi chake, kutoiona kromosomu ya Y, ile ya dume, si ushahidi kwamba ni jike. Nalisema kwa kuwa ripoti ninazoletewa zinaonesha kwamba bado halijasikika.

Sitaeleza kwa nini tunaokota kinyesi na manyoya badala ya kumpiga mnyama sindano ya usingizi. Kuhusu umuhimu wa kuijua jinsia, nitawakumbusha tu mbwa mwitu wa Skandinavia, ambao kizazi chao kipya kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wanyama wachache mno, kikadumaa kwa miaka kadhaa, mpaka dume mmoja mgeni alipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na idadi ikaanza kupanda. Mtu ambaye angemwandika mgeni yule kuwa jike angekuwa ameiharibu habari yote.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu. Jike ana kromosomu mbili za X, na dume ana X moja na Y moja. Kwa hiyo wengi hutafuta jeni ya SRY, ile inayoanzisha udume, iliyotambuliwa mwaka 1990, ambayo hukaa kwenye Y: mstari wake ukitokea kwenye jeli, ule utando wa maabara unaotenganisha vipande vya vinasaba, wanaandika dume, usipotokea wanaandika jike. Kijana mmoja mwenye bidii aliniletea jedwali la mbwa mwitu wa Ruaha, hawa wetu wenye mabaka, ambamo karibu kundi zima lilikuwa majike, ilhali ni kundi ambalo waongoza watalii wanalijua vizuri kwa madume yake. Nikamwuliza amejuaje. Akajibu, "Mwalimu, Y haikuonekana." Nikamwuliza kinyesi kilipatikana wapi. Kumbe kiliokotwa barabarani jua likiwa kali, kikiwa kimeshakauka na kuwa cheupe kwa chokaa ya mifupa, kimetobolewa na mende, kisha kikasafirishwa nyuma ya gari ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamwambia: mwanangu, ukipiga hodi usiitikiwe, huandiki kwamba nyumba haina watu.

Vinasaba vya mwenye kinyesi hutoka katika seli za utumbo zilizobanduka na kubaki juu ya kinyesi, nazo ni chache, na jua, mvua na bakteria huzikatakata. Mashine ya PCR, ile inayonakili vinasaba mpaka viweze kuonekana, ikipewa vipande vichache namna hiyo, inaweza kudaka nakala ya X na kuikosa ya Y kwa bahati tu. Tuseme Y ya dume hukosekana mara 3 katika kila majaribio 10. Ukijaribu mara moja, madume 30 kati ya 100 watageuzwa majike. Ukirudia mara tatu, kila mara kwa kipimo kipya, watakaogeuzwa hawafiki 3. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Najua kuna atakayesema, "Lakini sisi tunapima na kidhibiti, yaani sampuli ambayo jibu lake tunalijua, na kidhibiti kilifanya kazi." Kidhibiti kipi, ndugu yangu? Kama ni damu safi ya mbwa wa nyumbani, kimethibitisha kwamba mashine yako ni nzima, lakini hakijasema lolote juu ya kile kinyesi. Kidhibiti ninachokidai kimo ndani ya sampuli yenyewe: pima jeni yenye nakala kwenye X na nyingine kwenye Y, kama zile za ZFX na ZFY au DBX na DBY, ili X ikitokea ujue kwamba palikuwa na vinasaba vya kusomwa. X isipotokea, hujapata jike wala dume. Hujapata kitu. Hata X ikitokea peke yake, rudia.

Mwingine ataniambia kwamba basi mstari wa Y ukitokea hakuna shaka tena. Ipo. Jike aliyekula swala pala dume hutoa kinyesi chenye Y ya swala, na praima, vile vipande vifupi vya vinasaba vinavyoielekeza PCR pa kunakili, zikiwa zinakubali kila mnyama anyonyeshaye zitaidaka bila aibu. Mwanamume aliyekiokota kinyesi hicho bila glavu naye ameacha Y yake humo. Kwa hiyo praima ziwe za jamii ya mbwa, na zijaribiwe kwanza kwa vinasaba vya mawindo na vya binadamu. Hata hivyo, kule Ulaya hazitatofautisha mbwa mwitu na mbwa wa mchungaji, kwa hiyo spishi ithibitishwe kwa kipimo chake kabla ya kugusa jinsia.

Mwenyekiti ananionesha saa, nami nilikuwa na mengi juu ya manyoya na juu ya mkojo uliogandishwa na theluji, ambayo kwa wenzetu wa kaskazini ni hazina. Niseme tu kwamba kinyesi kichukuliwe asubuhi kingali kibichi, kwa sehemu ya juu isiyogusa udongo, kisha kitiwe kwenye ethanoli hapo hapo na si jioni kambini. Na kwa ninyi mnaochapisha fomu za maabara: safu ya jinsia ina visanduku viwili, cha dume na cha jike. Ongezeni cha tatu, kiandikwe "haijabainika", nacho kiwe kipana, maana kwa hali ya sampuli ninazoziona kitahitaji nafasi. Karibuni kwa maswali.