Redio haijafa, imechanganyikiwa tu

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Hii ni Baofeng UV-5R, redio koli ambayo walinzi wanayo, watu wa sherehe wanayo, na hii niliyoshika mwaka jana nilishaitupa kwenye boksi la vyuma chakavu, kumbe nzima.

Ilikuwa hivi. Naingiza chaneli kwa kompyuta na ile programu ya CHIRP, kufika katikati kebo ikalegea, ikagoma. Nawasha redio, chaneli nusu zipo nusu hazipo, majina matakataka. Nikapaniki, nikachukua faili la redio ya jamaa yangu nikaisukumia yangu, nikaletewa ujumbe kwamba setingi nyingine hazikutumwa kwa sababu femwea, yaani ile programu ya ndani inayoendesha redio, ya faili hailingani na ya redio. Redio zimefanana sura, ndani mbalimbali. Ukitaka kujua yako ni ipi bonyeza 3 uishikilie huku unawasha, namba ya toleo inatokea kwenye skrini.

Sasa sikilizeni hapa. Kwenye UV-5R kebo inaandika kumbukumbu tu, femwea yenyewe haiguswi, kwa hiyo kama inawaka basi bado ipo. Anza na kebo. Ile plagi ya pini mbili inayoingia kwenye redio, aina ya Kenwood, lazima izame mpaka mwisho, kuna plagi nyingine plastiki yake nene inagonga kwenye kava la redio, ikate kidogo na wembe. Halafu kebo nyingi za bei chee chipu yake ni feki ya kampuni ya Prolific, draiva mpya (programu ya kompyuta ya kuitambua kebo) inaikataa, unarudisha ile ya zamani 3.2.0.0. Nimepoteza wiki nzima kwa hilo, nalaumu redio!

Kompyuta ikishaikamata kebo, soma redio kwanza kwa CHIRP, yaani vuta kilichomo, usiandike kitu. Ikisomeka, rudisha faili lako la mwanzo, lile ulilosevu siku ya kwanza (hukusevu eeh? najua). Kama huna, ingia menyu 40, RESET, chagua ALL, chaneli zote zinafutika, na usishtuke ikianza kukuongelesha Kichina, menyu 14 unairudisha Kiingereza. Halafu unaingiza chaneli upya, zile masafa mliyopewa kwenye leseni, sio za kuokota okota.

Wenye Quansheng UV-K5, redio koli ya kampuni nyingine, yenu ni kesi nyingine, kule femwea inabadilishika kweli, umeme ukikatika katikati skrini inabaki nyeusi mtu analia. Shikilia PTT, kile kitufe cha kuongelea, huku unawasha, tochi ikiwaka ujue butiloda, ile programu ndogo ya kupokea femwea, ipo, tuma femwea upya. Ila kalibresheni, vile vipimo vya redio yako peke yake, iko kwenye iipromu, chipu ya kumbukumbu, ukimwagia ya redio nyingine hata betri inaanza kusoma uongo.

Haya, nani kaja na iliyogoma? Wewe dada, leta hapa mbele na kebo yako, tuichomeke tuone.