Kamera nilijifunzia kwenye montaje

Jambo yenu wote. Wale wa nyuma mnanisikia? Jenereta ya hapo nje ikinifunika mniambie, nitapandisha sauti. Wameniomba niongee namna nilivyokomaa kwenye mambo ya filme, na kwenye karatasi yao wameandika: kuandaa, kupiga, montaje, kwa mpangilio huo, na montaje njo kukata na kuunga picha. Mimi nitawapeleka kinyume, juu kwangu yalikuja kinyume: montaje njo ilinifundisha kupiga, na kupiga njo kulinifundisha kuandaa.

Filme yangu ya kwanza ilikuwa juu ya mama mmoja anauza sambaza, vile visamaki vidogo, pale Kituku, soko la kando ya ziwa. Sambaza hakuna mtu wa Goma asiyezijua, ila wengi hawajui kama ni wageni hapa, zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, mbele ya hapo ziwa letu la Kivu halikuwa nazo. Nilipojua hiyo nikaona tayari niko na filme. Nikaazima kamera, nikaenda siku mbili, nikapiga kila kitu chenye kinatembea: mitumbwi, mbuzi, motari, watoto wanaruka mbele ya kamera, mama anapima, mama anabishana na mteja, mama anahesabu pesa. Na nilikuwa napiga 4K, ile picha kali kabisa, juu nilisikia bila 4K wewe si kitu. Sasa 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula giga 45 hivi kwa saa moja, karte yangu ya giga 64 ikajaa mbele ya saa moja na nusu, nikaanza kufuta plani, vile vipande vya picha, palepale sokoni, jua kali, nikichagua kwenye ka-ekra kadogo ka kamera chenye sioni kitu. Msicheke. Nilifuta mama akicheka, na hakucheka tena zile siku mbili zote.

Usiku umeme ukarudi, nikakaa kwa mashini. Yaya mmoja wa montaje, mkubwa wetu, ametutangulia miaka mingi, akavuta kiti nyuma yangu na chai yake. Akaangalia kidogo, akauliza: "Huu mukono unaenda wapi?" Nikamwambia unaingia kwenye beseni. "Nionyeshe wenye unaingia." Sikuwa nao! Mkono unaanza kushuka, na palepale kamera yangu inakimbilia mbuzi. Akauliza tena: "Na huyu mama alifika hapa namna gani, alianguka kutoka juu?" Sikuwa na plani yake akifika, sikuwa na plani ya soko kabla watu hawajajaa, nilikuwa na zaidi ya saa moja ya rashi, picha ambazo hazijakatwa, na hakuna kitendo hata kimoja chenye kilianza kikaisha. Tulitafuta plani yenye imetulia, ile ndefu kuliko zote ilikuwa na sekunde mbili na kidogo, zingine zote nilikuwa napeperusha kamera kama mtu anafukuza nzi. Nikatia muziki juu ya kila kitu ili isionekane. Ilionekana.

Kwa hiyo niliporudi Kituku mara ya pili nilibadilisha kitu kimoja, na ni kitu cha kijinga kabisa: kabla kitendo hakijaanza nahesabu moyoni mpaka tano, kikiisha nahesabu tena tano, mikono imetulia, hata kama mbuzi anapita na kichwani kuna kofia. Hapo njo montaje inapata pa kukata. Mkono unaingia kwenye beseni kwa plani ya mbali, unatoka na samaki kwa plani ya karibu, na mtu anayeangalia hajui kama kati ya zile plani mbili dakika 20 zimepita na mteja ni mwingine.

Mwanga ukanishinda muda mrefu zaidi, na vitabu havikunisaidia sana juu vingi vimeandikwa na watu ambao hawajapiga kwenye ardhi nyeusi. Hapa kwetu chini ni lava. Ukiacha kamera iamue yenyewe, inaona weusi umejaa kwenye picha, inadhani ni giza, inafungua mwanga uingie zaidi, basi ziwa linaungua, mawingu yanakuwa karatasi nyeupe. Nilipoteza asubuhi nzima hivyo. Sasa mwanga naweka kwa mkono, naangalia uso wa mtu kwanza, chini ikibaki nyeusi iache iwe nyeusi, ni Goma. Picha 25 kwa sekunde, obturateri, ule mlango wa mwanga, 1/50 ya sekunde, hizo sizigusi tena. Na saa sita mchana sipigi sura ya mtu labda awe chini ya mwavuli wake, juu huku tuko karibu kabisa na ikweta, jua linasimama kichwani na macho yanakuwa mashimo mawili.

Kuna na siku nilitaka plani ya kutembea kama zile za sinema kubwa, nikapanda kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, na kamera, rafiki anasukuma. Magurudumu ni mbao yamevikwa mpira, njia ni mawe ya volkano, mnaelewa. Ile plani ingemletea mtu kizunguzungu. Tuliirudia kwenye lami, kwenye mteremko, asubuhi kabla ya motokari kuwa nyingi, ikatoka nzuri mpaka watu wananiuliza nilikodi mashini gani.

Sauti nitapita haraka ingawa ilinipa shida kubwa kuliko picha. Telefone kwenye mfuko wa aproni ya mama, katambaa kadogo juu ya mikro, inashinda mikro ya kwenye kamera mita tatu mbali. Na kabla ya kuondoka, sekunde 30 za soko lenyewe bila mtu kukuongelesha, utazihitaji.

Sasa kuandaa. Zamani nilidhani kuandaa ni kuandika senario ya kupendeza ili walimu waisome. Kumbe ilikuwa ni kwenda Kituku mara tatu bila kamera, kukaa tu. Mara ya kwanza mama aliniuliza: "Weye mutoto, unanunua ao unaangalia tu?" Nikanunua. Mara ya tatu alinipa kiti. Hapo njo nilijua wavuvi wanaenda ziwani usiku na mataa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanarudi alfajiri, na jua linatoka upande wa Gisenyi saa kumi na mbili hivi, na kwetu mwanga wa kupambazuka haukungoji, ukichelewa kufungua tripiye, ile miguu mitatu ya kamera, umekwisha. Kwa hiyo nikachora kwenye daftari ya shule, vinamna-namna vya watu wa vijiti, plani 14. Siyo 80. Nne za lazima nikazizungushia duara nyekundu: mitumbwi inaingia, mama anafika, mkono kwenye beseni, beseni tupu. Batri mbili zote nikazipangia hizo. Zingine zikipatikana, ni zawadi.

Kimoja tu cha mwisho, na hiki niko nacho bado tumboni. Kuna Mrusi, Lev Kuleshov, miaka 100 na zaidi iliyopita alichukua sura moja ya muigizaji akaiunga mara na sahani ya supu, mara na jeneza, mara na mwanamke, na watu wakaona njaa, huzuni, tamaa, na sura ni ileile. Mimi nilikuwa na sura ya mama anaangalia mbali, nzuri sana. Nikaiunga na mtumbwi unaingia: tumaini. Nikaiunga na beseni tupu: uchungu, darasa zima likanyamaza. Lakini mimi nilikuwepo, mama alikuwa anaangalia mbuzi aliyekuwa anatafuna mfuko wake! Je, nilidanganya? Yaya aliniambia kila montaje inafanya hivyo. Mimi bado sikubali vizuri. Kumpa tumaini sawa, lakini uchungu ambao hakuwa nao siku ile... niliiondoa kwenye filme.

Tulipomaliza tukamwalika. Alikuja na dada yake, wamevaa vitenge vya Jumapili, akaangalia dakika 11 zote kimya. Nikamuuliza, mama, umeona namna gani? Akasema, "Ni muzuri. Lakini pesa ulipeleka wapi?" Sikuelewa. "Pale nahesabu. Njo kazi yangu ile. Samaki kila mutu anauza."

Plani ya kuhesabu nilikuwa nimeikata tangu filme ya kwanza, na ya pili nikaipiga kwa mazoea tu, nikaona ni ndefu, hakuna kinachotokea. Bado ninayo kwenye disiki. Ina sekunde 41. Yule karibu na mlango atuzimie taa, nitawawekea nzima bila kukata, halafu mniambie iingie wapi.