Kipepeo wa Amani Hafukuzwi, Hungojewa

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na vijana, karibuni.

Kipepeo wetu wa leo anaitwa Cymothoe amaniensis. Jina hilo alipewa mwaka 1980, na limetokana na Amani yetu, wilayani Muheza. Makazi yake ni misitu ya Usambara Mashariki. Dunia nzima hana kwao kwingine. Mtu wa Tanga akiondoka alfajiri, kabla ya adhuhuri keshafika mlangoni kwake. Hata hivyo wengi huenda na kurudi bila kumwona, na sababu kubwa ni kwamba wanatembea mno.

Huyu ni kipepeo wa kivulini. Dume hutafuta mahali ambapo jua limepenya matawi, akatua juu ya jani na kutandaza mbawa. Akipita mwenzake, humrukia, humsindikiza, kisha hurudi pale pale au jani la jirani. Ukishapata doa la jua la namna hiyo pembeni mwa njia, kaa. Nusu saa ya kutulia mahali pamoja ina faida kuliko kilomita tano za kupita haraka. Kivuli chako kisimwangukie, maana hicho humshtua kuliko sauti yako.

Nendeni masika yakishakatika, au vuli ikipungua. Mvua huchipuza majani mapya, viwavi hula wakashiba, na baada ya hapo ndipo wenye mbawa huonekana kwa wingi. Saa nzuri ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa saba mchana. Wingu likishika mlima wanajificha chini ya majani. Hapo hata mwenye macho makali ataambulia umande tu.

Sasa chambo. Kundi hili la Cymothoe halishughuliki sana na maua. Linapenda matunda yaliyochacha. Chukua ndizi kumi zilizoiva hadi ganda likaanza kuwa jeusi, uziponde pamoja na nusu kilo ya sukari guru, utie glasi moja ya tembo la mnazi. Weka kwenye ndoo ya lita tano, mahali pa kivuli, siku mbili au tatu. Mfuniko uwe na matundu. Ukibana kabisa, hewa ya uchachu inajaa na ndoo inafumuka. Usiongeze maji, kwani harufu ya chambo chepesi haifiki mbali. Ndizi zilizopondwa jana nazo hazifai, hazijanukia bado.

Weka vijiko vitatu kwenye kisahani, ukining'inize kwa kamba kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini, karibu na doa la jua. Paka kamba grisi. Usipofanya hivyo, sisimizi watakuwa wamekimaliza kabla ya saa nne. Ndizi nzima usitundike kamwe, kima wa Amani wanaondoka nayo. Na haya yote ni baada ya kuzungumza na maofisa wa hifadhi ya msitu wa Amani na kupata mwongozaji. Kukamata au kukusanya kunahitaji kibali cha utafiti, hilo halina mjadala.

Kosa linaloharibu kumbukumbu nyingi ni kumtaja kipepeo kwa rangi peke yake. Dume letu ni jeupe la tui la nazi, na vipepeo weupe njiani ni wengi. Yule mweupe anayekwenda mbio juani, akipigapiga mbawa bila kupumzika, mara nyingi ni Catopsilia florella, ambaye yuko hata hapa Tanga mjini. Wetu hupiga mbawa mara mbili tatu, kisha huteleza hewani akiwa amezinyoosha. Akitua, hesabu miguu. Cymothoe husimama kwa minne, ile miwili ya mbele imekuwa midogo na imekunjwa kifuani. Catopsilia husimama kwa sita.

Jike ndilo linalosumbua zaidi. Ni la kahawia iliyokolea, lenye mkanda mweupe, na watu humchanganya na kipepeo mwingine, Neptis, ambaye naye huteleza na naye ana mistari myeupe. Neptis ni mdogo zaidi. Kisha kuna mwenzake wa kundi hilo hilo la Cymothoe, Cymothoe coranus, na hapo picha ya juu ya mbawa haitoshi. Subirini afunge mbawa, mpige picha upande wa chini. Mistari na madoa ya huko ndiyo mtaalamu atakayoomba kwanza. Mwenye picha ya juu peke yake aandike “Cymothoe” aishie hapo. Kumbukumbu pungufu iliyo kweli ina thamani kuliko jina kamili la kubahatisha.

Kwenye daftari andikeni tarehe, saa, kimo kutoka usawa wa bahari, hali ya jua, dume au jike, na alikuwa akifanya nini. Kimo msikisahau: hifadhi inaanzia chini ya mita 300 na kupanda hadi zaidi ya 1,000, na vipepeo wa Zigi, sehemu ya bondeni ya hifadhi, si wote utakaowakuta Amani juu.

Kabla ya kuingia msituni, pitieni kwa wafugaji wa vipepeo wa vijiji vya jirani. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje ya nchi ulipozuiwa, pupa zao (kiwavi akiwa ndani ya gamba, kabla hajawa kipepeo) zilikosa soko, lakini ujuzi wao haukupotea. Wanajua kiwavi gani anakula mti gani, na kila mti wanaujua kwa jina la Kisambaa. Ukionyeshwa mti wa chakula cha kiwavi, umeonyeshwa mahali jike atakapokuja kutaga.

Jioni teremsheni visahani vyote na kamba zake. Chambo kilichobaki kirudi na ndoo, kisimwagwe njiani, maana kima wakishazoea harufu hiyo, kesho watamsubiri mgeni mwingine pale pale.