Sigiri Waliiona, Wakatazama Viatu
(Mhadhara uliotolewa Walukuba, Jinja, Uganda)

Wazee wangu, akina mama, mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, na kamati yako, vijana wa steji, hamjambo. Haya ya majirani kuchunguzana badala ya kulindana nimeyasema msikitini, nimeyasema matangani, na leo nayarudia kwa sababu bado hamjanisikia.

Kulikuwa na dada mmoja mpangaji. Jina silitaji, na msianze kutazamana. Aliishi kwenye mizigo: vyumba mstari mmoja, baraza moja, bomba moja. Ukikohoa kwako, wa chumba cha tatu anakwambia pole. Dada huyu alikuwa anameza ARV, dawa za VVU. Mnajua kopo la zile dawa linavyolia ukilishika. Basi akalishindilia pamba ndani lisilie. Kila usiku anatoa pamba, anachukua kidonge, anairudisha. Majirani wakajua tu. Wakajua dawa, wakajua na viatu vilivyokuwa mlangoni Jumamosi ni vya nani, na pale bombani vikatajwa mpaka bei.

Jioni moja mvua ikanyesha. Dada akaingiza sigiri ndani, makaa bado mekundu, akafunga dirisha. Baraza zima lilimwona akiibeba. Kuna mtu mzima hapa asiyejua kwamba hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua? Hakuna aliyefungua mdomo kusema, "Dada, hiyo iache nje." Asubuhi mlango haukufunguliwa. Saa mbili, saa tatu, saa nne. "Labda ana mgeni," wakacheka. Aliyebisha ni mtoto mdogo, katumwa kuomba kiberiti. Walimtoa hajitambui. Alipona, akahama, wala hakuaga mtu, na mimi simlaumu.

Sasa niambieni, wale walikuwa wanamlinda nani? Macho walikuwa nayo, tena makali!

Najua yuko mzee hapa atasema, "Tusipochunguzana tutalipuliwa." Mzee, Julai 2010 naikumbuka kama wewe. Kule Kampala, mabomu ya Kyadondo na Kabalagala yaliua watu zaidi ya 70, wengi wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Lakini siku iliyofuata, kule Makindye, mkoba wenye bomu ulikutwa kwenye disko haujalipuka. Mkoba ulioachwa bila mwenyewe, huo ndio wa kuuangalia na kumwita polisi. Nani analala kwa nani, bomu halikuuliza.

Na ninyi mliokuwa wakubwa enzi za Amin, mnanishangaza zaidi. Mmesahau watu wa State Research, wale majasusi wake? Mtu alichukuliwa usiku kwa neno la jirani aliyemezea mate kiwanja chake. Baadaye yakaja mayumba kumi, kila nyumba kumi na mkubwa wao, yakaja mabaraza ya RC, sasa LC, na kila mara tunarithi daftari.

Tukifika kwenye daftari, mwenyekiti, sigombani nawe. Mpangaji mgeni ajiandikishe. Barua ya LC utamwandikiaje usiyemjua? Lakini daftari lenye namba za simu na za vitambulisho halikai juu ya meza ya duka, kijana akija kununua mandazi anaondoka na namba ya binti wa watu. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda nyumba ya mtu na mambo yake, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data na faragha. Mwenye kukusanya habari za watu ana wajibu wa kuzitunza. Nunua kufuli.

Ukiona jambo, mtafute anayeweza kulitatua. Ya sigiri mwambie mwenye sigiri, tena papo hapo. Mtoto anapigwa mpaka anavimba, nenda polisi, usiniletee habari ya "mambo ya nyumba ya watu." Kipigo hakina faragha. Ajabu yenu ni hiyo: mke akilia usiku mnaongeza sauti ya redio, akipokea mgeni mnaizima.

Ya Ebola ya Mubende na Kassanda mwaka 2022, jinsi watu walivyojificha na homa zao kwa kuogopa kunyooshewa vidole, nilitaka kuyaeleza, lakini naona katibu wa ulinzi ananionyesha saa. Ya makundi ya WhatsApp nayaacha pia. Kamera tu: anayefunga aielekeze kwenye lango lake, si kwenye dirisha la mwenzake.

Haya, maswali. Na mwenye swali linaloanza na "kuna jirani yangu mmoja", akae chini.