Usonji unaletwa na nini? Mazungumzo na wazazi, Mwanza

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi mama zangu mliovuka Kamanga na watoto mgongoni, asanteni. Sitawaweka mpaka kivuko cha mwisho.

Mmeniita niseme usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto awe tofauti katika kuongea na kuhusiana na watu, unaletwa na nini. Kwa ninavyowajua wazazi wa hapa kwetu, swali hilo huwa halikai vile lilivyo. Halijafika jioni limeshageuka kuwa "nani kauleta?", na ukoo una jibu tayari: mama. Alivunja mwiko akiwa mjamzito, alitoka nje ya ndoa, kwao kuna mizimu. Mbuzi anauzwa, mganga analipwa, na mtoto bado hageuki akiitwa jina.

Msidhani ni sisi tu. Huko Marekani wasomi wakubwa walifundisha miaka mingi kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo. Bruno Bettelheim aliuandikia kitabu kizima mwaka 1967. Mapacha ndio waliowaumbua. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, kule Uingereza, walichunguza jozi 11 za mapacha wanaofanana na jozi 10 za wasiofanana, kila jozi ikiwa na angalau pacha mmoja mwenye usonji. Kati ya wanaofanana, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya wasiofanana, hakuna hata moja. Sasa fikirini: mapacha wasiofanana nao wamelelewa na mama mmoja, titi moja, nyumba moja. Kama kosa lingekuwa malezi, mbona hawakupata wote?

Tofauti yao ni jeni, yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi: wanaofanana wana jeni zilezile, wasiofanana hawana. Tafiti kubwa za baadaye zimezidi kuonyesha hivyo: sehemu kubwa ya chanzo iko kwenye jeni. Na baba wa watoto, msicheke, jeni zinatoka pande zote mbili. Umri mkubwa wa baba nao huongeza uwezekano. Mara nyingine badiliko la jeni ni jipya kabisa, halipo kwa baba wala kwa mama.

Nje ya jeni kuna mambo ya mimba na uzazi. Mtoto aliyezaliwa njiti yuko katika hatari zaidi. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti, ikitumiwa wakati wa ujauzito, huongeza hatari; lakini usiiache mwenyewe nyumbani, kifafa kinaweza kukuua. Nenda ubadilishiwe. Rubela, ugonjwa wa virusi wenye vipele kama surua, ikimpata mjamzito nayo inaweza kumwachia mtoto usonji, pamoja na uziwi na matatizo ya macho na moyo.

Hapo ndipo penye kichekesho kichungu, maana chanjo inayozuia rubela ndiyo inayotuhumiwa kuleta usonji. Naelewa tuhuma inatoka wapi. Kadi ya kliniki inasema surua-rubela miezi 9 na miezi 18, na huo ndio umri ambao dalili zinaanza kuonekana. Watoto wengine hupoteza hata maneno machache waliyokuwa nayo. Mama anaunganisha, ni haki yake. Lakini uvumi wenyewe ulikuzwa na daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika mwaka 1998 kuhusu watoto 12 tu. Jarida la kitabibu la Lancet lililoichapisha liliifuta makala hiyo mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Degedege? Hili la kwetu, ziwani, siwezi kulipita. Malaria ikipanda kichwani inaweza kuumiza ubongo, na wapo watoto waliokuwa wakiongea vizuri wakaamka kitandani bila maneno, wakawa na tabia zinazofanana na za usonji. Kwa hiyo mtoto akianza kustuka na homa, msimzungushe kwa mganga kwanza. Lakini watoto wengi wenye usonji hawajawahi kupata degedege, na mama asiambiwe alizembea chandarua.

Dada wa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kifafa. Mpeni kipaza sauti.