Kumpima Nyangumi Aliye Hai

Mabibi na mabwana, kwa miaka mingi vipimo vingi vya nyangumi vilitoka kwenye mizoga. Ama amekwama ufukweni, ama amevutwa sitahani na wawindaji, ndipo kamba ya kupimia inatandazwa.

Droni imeliondoa tatizo hilo kwa hesabu ya darasani. Inatulia juu ya mnyama, kamera ikitazama chini wima. Ukijua kimo cha droni kutoka majini, na aina ya lenzi, picha yenyewe inakupa urefu. Inakupa na upana, ambao mimi nauthamini zaidi, kwa sababu ndio unaosema kama mnyama amenona au amekonda.

Tazameni Eubalaena glacialis, nyangumi wa pwani ya mashariki ya Marekani na Kanada. Hawafiki 400. Zaidi ya 8 katika kila 10 wamewahi kunaswa na kamba za uvuvi, nyingi zikiwa za mitego ya kaa na kambakoche. Mwaka 2021 watafiti waliolinganisha picha za nyangumi hao zilizopigwa kutoka kwenye ndege na kwa droni walionyesha kwamba wanaozaliwa siku hizi hukomea takriban mita 1 chini ya waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuburura kamba kwa miezi kunakula nguvu ambazo zingejenga mwili. Tulikuwa tukihesabu waliokufa. Kumbe waliobaki nao wanadumaa, kama mtoto ambaye kadi yake ya kliniki haipandi.

Kuna na kazi ya kamasi. Msicheke! Shirika la Ocean Alliance, lililoanzishwa na mwanabiolojia Roger Payne mwaka 1971, hurusha droni yenye visahani vya maabara ipite kwenye mvuke wa pumzi ya nyangumi. Humo mna vinasaba na homoni, bila kumchoma mnyama mshale wa kukata kipande cha ngozi.

Upepo ukichachamaa, hakuna kurusha. Na betri huisha upesi.

Huku kwetu, nyangumi wenye nundu hufika Kenya na Tanzania kutoka bahari ya kusini, hasa Julai hadi Septemba. Mama anayenyonyesha hali karibu chochote hapa. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo. Picha mbili za mama yule yule, zikipishana wiki kadhaa, zitaonyesha amekonda kiasi gani. Australia magharibi wameshafanya hesabu za namna hiyo.